UBONGO, AKILI NA TAKLIFU: MWENYE KUULIZWA NI NANI?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu, akampa akili ili ajue, na akamkalifisha kwa kadiri ya uwezo wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Watu wawili walitujia katika darsa yetu mwezi mmoja, kila mmoja na swali lake. Ukiyatazama maswali yao juu juu hayana ujamaa. Lakini ukiyachungua waona kuwa ni swali moja lililoshikwa kwa ncha mbili.

Wa kwanza ni mama mtu mzima. Mwanawe alikuwa mpole, mwenye kushika sala zake na kazi yake. Akaanguka na pikipiki, akaumia kichwa, akalazwa hospitali siku nyingi, kisha akarudi nyumbani viungo vyake vyote vizima. Majirani wakashukuru Mungu. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyetoka. Hutukana mbele ya wazee. Hutoa fedha mfukoni akampa yeyote apitaye. Hukasirika kwa neno dogo na hucheka penye msiba. Siku moja, katika hasira hizo, akamtamkia mkewe talaka. Baadhi ya watu wa mtaa wasema ameingiwa na pepo, apungwe. Wengine wasema ni fasiki aliyekuwa akijificha, na sasa Mungu amemfichua. Yule mama akauliza neno moja tu: "Sheikh, mwanangu ana dhambi?"

Wa pili ni kijana asomaye chuo kikuu, mwenye akili na adabu. Amesoma vitabuni kuwa hasira na woga, tamaa na mapenzi, vyote vyatoka katika ubongo na mishipa ya fahamu. Akasema: "Maalim, ikiwa ubongo ndio utendao, nami sikuuchagua ubongo wangu, basi nitaulizwaje Siku ya Kiyama?"

Mama ataka udhuru kwa ajili ya mwanawe; kijana ataka udhuru kwa ajili ya nafsi yake. Udhuru wa kwanza ni wa haki, na watu wamemnyima mwenyewe. Udhuru wa pili si wa haki, na zama zetu zampa kila autakaye bure. Haya ndiyo tutakayo kuyabainisha, inshallah.

Wanazuoni wetu wametufunza kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Basi yafaa kwanza tujue ubongo ni nini. Ubongo wa mtu mzima una uzani wa kama kilo 1.4, na ndani yake mna chembe za fahamu zikaribiazo bilioni 86. Ni sehemu ndogo ya mwili, kama 2 katika 100, lakini hula kama sehemu 20 katika 100 za nguvu auitumiayo mtu aliyepumzika. Kutoka ubongoni huteremka uti wa mgongo, na kutoka utini mishipa ya fahamu hutawanyika mwili mzima, kama mizizi ya mkoko itawanyikavyo matopeni. Khabari hupita ndani yake kwa umeme mdogo, na kutoka chembe moja hadi nyingine hupita kwa maji maji maalumu ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujajua kuwa umeungua. Kwa kuwa amri ile hutoka katika uti wa mgongo, haikungoja shauri lako.

Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu za woga, na hasira, na tamaa. Nazo ni nyepesi kuamka. Na mbele, nyuma ya paji la uso, mna sehemu ya kupima mambo, kuzuia ulimi, kutazama mwisho wa jambo na kuona haya. Kila aliyepanda punda ajua: nguvu ni za punda, lakini njia ni ya hatamu. Sehemu hii ya mbele ndiyo hatamu.

Hatamu ikikatika huwaje? Matabibu wana mfano mmoja mashuhuri sana katika vitabu vyao, nao ulitokea Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, msimamizi wa kazi ya reli aitwaye Phineas Gage, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba kwa mtaimbo wa chuma. Baruti ikawaka. Chuma kile, chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzani wa kama kilo 6, kilimwingia chini ya shavu la kushoto, kikapita katika sehemu ya mbele ya ubongo, kikatokea utosini. Hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa akisema, na akachukuliwa mjini ameketi garini. Daktari John Harlow akamtibu hata jeraha likapona. Lakini daktari huyo aliandika mwaka 1868 kwamba mtu yule, aliyekuwa mtulivu na mwenye kuaminiwa na mabwana zake, alikuwa amegeuka: mwenye kigeugeu, mwenye kutukana, asiyesikia nasaha inapopingana na matakwa yake. Rafiki zake walisema kuwa huyu siye waliyemjua. Fuvu lake na kile chuma vingaliko hata leo, vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Msomaji atazame vyema. Chuma hakikuwa Shetani, wala hakikumfundisha mtu yule kufuru. Kilivunja ala tu. Na ala ilipovunjika, tabia iliyokuwa ikidhihiri kwayo ikapotea. Wala tusiuache mwisho wa kisa chake, ambao wengi huuacha: Gage baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi itakayo utulivu na mpango, kabla ya kufa mwaka 1860. Yaonyesha kuwa sehemu ya alichopoteza ilimrudia. Basi akili si taa iliyo ama imewaka ama imezimika. Hupungua na kuzidi, huondoka na kurudi.

Huenda mtu akadhani kuwa maneno haya ni mageni katika dini yetu, yameletwa na Wazungu. Sivyo. Wanazuoni wetu walijadiliana zamani: akili makao yake ni wapi, moyoni au kichwani? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, naye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafii, ametaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kuwa wenzetu wa Kishafii na wengi wa wanazuoni wa elimu ya kalamu wasema ni moyoni, na kuwa Imam Abu Hanifa asema ni katika ubongo. Hoja ya hao wa pili ni kuwa ubongo ukiharibika, akili huharibika. Na jawabu la wa kwanza ni la kuzingatiwa: hawakukanusha jambo lile! Walisema kuwa Mwenyezi Mungu amejaalia ada katika maumbile yake kwamba akili huharibika unapoharibika ubongo, hata ikiwa makao yake si humo. Yaani pande zote mbili zilikubali linaloonekana kwa macho. Zilikhitalifiana katika lisiloonekana.

Naye Imam Ghazali, katika Ihya, ameeleza kuwa neno moyo lina maana mbili: moja ni lile pande la nyama lililo kifuani, ambalo hata mnyama analo, na ya pili ni ile siri ya kiroho ijuayo, iambiwayo na iulizwayo. Nasi Waswahili twasema hivyo hivyo. Mtu asemapo, "Moyo wangu wakataa," hamna amfikiriaye kuwa asema khabari za nyama na damu. Kwa hiyo anayepima ubongo kwa mitambo yake na akatuonyesha palipowaka mtu alipokasirika, ametuonyesha ala ya mwulizwa. Hakutuonyesha mwulizwa mwenyewe. Ametufaa, na tumshukuru; lakini asidai zaidi ya alichokiona. Na upande wetu pia tuwe na uaminifu. Wako waharakishao kuichukua ile aya ya Sura ya Alaq itajayo paji la mwenye kukadhibisha, wakasema kuwa ni dalili ya elimu ya sehemu ya mbele ya ubongo. Qur'ani haina haja ya kuegemezwa juu ya elimu ambayo kesho hubadilika. Tuiache aya katika maana yake, na tabibu katika kazi yake.

Sasa turejee kwa yule mama. Sharia imejenga taklifu, yaani kule kuwajibishwa kwa amri na makatazo, juu ya akili. Imepokewa kwa Mtume wetu kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala hata aamke, mtoto hata abaleghe, na mwenye wazimu hata apate akili. Na alipomjia Maiz kukiri kosa zito juu ya nafsi yake, Mtume hakuharakisha hukumu. Aliuliza kwanza kama mtu yule ana wazimu, na kama amekunywa pombe. Tazameni! Kabla ya kuuliza ametenda nini, aliuliza hali ya akili yake. Kadhalika alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali amekasirika. Na mafakihi wakalipima na hilo kila lishughulishalo fikra, kama njaa kali, usingizi na kubanwa na haja. Dini iliyojua kuwa tumbo tupu laweza kuipinda hukumu ya kadhi mwenye elimu, haitashindwa kujua kuwa ubongo uliopasuka waweza kuipinda tabia ya mtu mwema.

Basi jawabu letu kwa mama ni hili. Kwa kadiri akili ya mwanao ilivyoondoka, ndivyo dhambi ilivyoondoka. Na kwa kadiri iliyobaki, ndivyo alivyobaki na wajibu. Kadiri hiyo hatuijui sisi tuliokaa barazani. Ataisaidia kuijua tabibu wa ubongo na wa maradhi ya akili, na Mungu ndiye aijuaye hakika. Mali yake, ikithibiti kuwa hawezi kuitunza, Sharia imeweka hajri, yaani kuzuiliwa asiitumie ovyo, na walii wa kumhifadhia; na hilo ni kumhurumia, si kumdhulumu. Akivunja kitu cha jirani, jirani alipwe katika mali yake ingawa yeye hana dhambi; kwa kuwa haki ya mja haipotei kwa maradhi ya mja mwingine. Ama talaka, mwenye wazimu talaka yake haipiti. Lakini je, saa ile alikuwa katika hukumu ya mwenye wazimu, au ni hasira kama hasira za watu wengine? Hili halikatwi kwa fatwa ya msikitini baada ya sala, wala kwa maneno ya majirani. Lipelekwe kwa Kadhi pamoja na barua ya daktari, na mke asiambiwe "umeachwa" wala "hukuachwa" na mtu asiyekuwa na haki ya kusema.

Na wale wasemao apungwe pepo, tuna neno nao. Kuwako kwa majini hatukukanushi. Kumethibiti katika Kitabu. Lakini kuiamini ghaibu ni jambo moja, na kuifanya ghaibu kuwa jaa la kutupia kila tusilolijua ni jambo jingine. Chukueni kifafa. Mwaka 1929 tabibu wa Kijerumani, Hans Berger, alitangaza kuwa ameweza kuupima umeme wa ubongo wa mwanadamu kutoka juu ya kichwa. Na kwa njia hiyo ikadhihiri kuwa katika kifafa umeme ule huvurugika kama bahari iliyochafuka. Wengi wa wagonjwa wake hutulia kwa vidonge. Ni watoto wangapi wa pwani yetu waliofukizwa moshi na kupigiwa ngoma, wakachinjiwa mbuzi na kupigwa fimbo ili "atoke", na kidonge kiko katika duka la dawa! Na kumbukeni yule mwanamke aliyemjia Mtume akilalamika kuwa huanguka, na aangukapo hufunukwa na nguo. Alikhiarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa dua apone; akachagua kusubiri, akaomba tu asifunukwe, akaombewa hilo. Hakupigwa, hakutuhumiwa, wala hakuambiwa kuwa amefanya dhambi gani. Aliyetafutiwa ni sitara. Nasi twamtafutia mgonjwa wetu fedheha, kwa kumzungushia watazamaji!

Tumwendee sasa kijana. Ewe mwanangu, uliyosoma si ya uongo; lakini ulivyoyajenga sivyo. Hoja yako si mpya. Zamani walikuwako Jabriya, waliosema kuwa mtu ni kama unyoya katika upepo, hana khiari. Nao walisema ni kadari imfanyayo. Wewe umeliondoa neno kadari ukatia neno ubongo, na nyumba ni ile ile. Na mtu wa madhehebu haya humjua kwa alama moja: hutoa udhuru wa ubongo kwa makosa yake, lakini akiibiwa viatu mlangoni pa msikiti hasemi kuwa mwizi hana khiari.

Huenda ukaniletea majaribio ya Benjamin Libet wa Marekani, yaliyotangazwa mwaka 1983. Aliwataka watu watikise mkono wakati wowote wapendao, huku akiupima umeme wa ubongo wao. Akaona kuwa ubongo huanza kujitayarisha kama nusu sekunde kabla ya mkono kutikisika, na mwenyewe huhisi kuwa ataka kutikisa kama sehemu moja katika tano ya sekunde tu kabla. Wengine wakapiga kelele: khiari imekufa! Lakini Libet mwenyewe hakusema hivyo. Alisema kuwa baada ya kuhisi, mtu angali na nafasi ya kuzuia. Na wataalamu wangali wakibishana katika maana ya jaribio lile.

Nami nakuambia: hata likichukuliwa kama lilivyo, halitutishi. Wanazuoni wetu wamelipanga lipitalo nafsini daraja tano. La kwanza ni hajisi, jambo linaloangukia nafsi ghafula. Kisha khatiri, linalopita humo. Kisha hadithi ya nafsi, pale mtu anaposhauriana na nafsi yake atende au asitende. Kisha hamu, anapoelekea upande mmoja. Kisha azma, anapokata shauri. Wakasema kuwa matatu ya kwanza hayana hesabu. Na hamu ya ovu haiandikwi, hali hamu ya jema huandikwa. Hesabu imo katika azma. Basi hawakudai kamwe kuwa kila liamkalo ndani yako ni lako. Walisema kuwa lako ni unalolikaribisha, ukaliketisha, ukalipa mkono. Mlango waweza kugongwa na yeyote. Lakini mwenye nyumba ndiye afunguaye. Wewe hukuulizwa kwa nini umeona tamaa. Waulizwa kwa nini ulikwenda nayo.

Na zaidi ya hayo, hatamu hutiwa nguvu. Mwaka 2000 wataalamu wa London waliwapima madereva wa teksi wa mji huo, ambao hutakiwa wahifadhi njia maelfu. Wakaona kuwa sehemu ya nyuma ya kile kijisehemu cha ubongo kihifadhicho njia ni kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Na wanafunzi wa kazi hiyo walipofuatwa kwa miaka kadhaa, waliofuzu walionekana kuongezeka. Kumbe ubongo si mwamba, ni shamba. Kila upitapo njia moja, nyasi hulala na njia hupanuka. Anayezuia ulimi leo, kesho humwia mwepesi zaidi; na anayeuachia leo, kesho humshinda zaidi. Hii ndiyo mujahada tuliyofunzwa. Basi waweza kusema kuwa ubongo wako wakutengeneza. Lakini wewe nawe, kwa uyatendayo kila siku, wautengeneza. Nusu ya kwanza waipenda, kwa kuwa ni udhuru. Nusu ya pili waikimbia, kwa kuwa ni hesabu.

Sisemi kuwa watu wote hatamu zao ni sawa. Sehemu ile ya mbele haikamiliki upesi. Wataalamu wasema huendelea kukomaa hata mtu apite miaka 20 na kitu. Sharia nayo imepambanua baina ya baleghe na rushdi: yatima huanza kuulizwa sala yake anapobaleghe, lakini hapewi mali yake hata ajaribiwe aonekane ana rushdi. Basi tusimfanye kijana wa miaka 16 kuwa mzee, tukamtupa kwa kosa moja. Wala tusimfanye mtoto, tukamwachia kila kosa.

Limebaki jambo moja, nalo ni donda la miji yetu: watumiao unga. Hawa wako kati ya mwana wa yule mama na yule kijana. Wa kwanza kuuonja, katika akili zao, walikuwa na khiari, na kosa lile ni lao. Mafakihi wetu wa Kishafii hawakumpa udhuru aliyejilevya kwa kusudi, kama walivyompa aliyelazimishwa au asiyejua. Lakini unga ukishaingia, huiteka ile njia ya ubongo impayo mtu raha na hamu, hata mtu akautafuta si kwa raha tena bali kukimbia maumivu, na hatamu yenyewe hulegea. Basi tumkemee kwa alivyoanza, na tumsaidie amalize; tukikosa moja tumekosea. Dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika zahanati za Kenya mwaka 2014, nayo humtuliza mtu maumivu yale ili apate kusimama. Wako waumini wasemao kuwa kumpeleka kijana huko ni kumbadilishia ulevi kwa ulevi. Twawaambia: aliyezama hutupiwa kamba kwanza, mawaidha ya kuogelea huja akishafika pwani. Na toba mlango wake u wazi kwake, kama ulivyo wazi kwetu.

Ndugu zangu Waislamu, tukiyakusanya haya yatubakia mambo matatu. La kwanza: tabia ya mtu ikigeuka ghafula, baada ya pigo la kichwa, homa kali, kiharusi au uzee, tumpeleke kwa tabibu kabla hatujampeleka kwa mganga, na kabla hatujampeleka katika ndimi zetu. La pili: tusimwite mgonjwa fasiki, wala tusimwite fasiki mgonjwa, la kwanza ni dhulma kwa mja, la pili ni dhulma kwa Sharia. La tatu: kila mtu amtafutie mwenziwe udhuru, na nafsi yake aitafutie hesabu. Wengi wetu twafanya kinyume.

Yule mama aliposikia jawabu alilia, akasema kuwa kwa miezi mingi hakuna aliyemwambia kuwa mwanawe ni mgonjwa. Aliambiwa mengi, hilo hakuambiwa. Na sisi tuliokuwapo tuliona haya, kwa kuwa baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kumsema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu, awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na asituhisabie yaliyopita nafsini mwetu bila ya khiari yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.